Mbwa Niliyempiga Jiwe



Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika ubatizo, ndoa na mazishi. Chuoni nilisomea ualimu, lakini Paroko aliniomba nishike vitabu, nami nimevishika miaka kadhaa sasa. Mtu aliyeizoea kazi hii haandiki majina ya marehemu kwa machozi, maana akifanya hivyo wino utaharibika kila juma. Hata hivyo mwezi wa Julai, mwaka 2023, niliandika jina moja ambalo hata leo nikiufungua ukurasa ule nauona mwandiko wangu kuwa si ule wa siku zote. Ni jina la mama yangu mkubwa, dada yake mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Mahali pa sababu ya kifo niliandika "baridi". Ningeweza kuongeza neno "ujinga wetu", ila kitabu hakina nafasi ya neno hilo.

Napenda kuwaeleza jambo lile lilivyokuwa, kwa kuwa kila kijiji kina mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu, na karibu kila nyumba ina mbwa.

Mama mkubwa alikuwa amekwisha anza kusahau. Aliulizia ndugu waliokufa zamani kama kwamba wamekwenda sokoni na watarudi jioni. Tena alikuwa na tabia ya kutoka kimya kimya kwenda kukitafuta kinyungu chake cha zamani, alichokilima alipokuwa bibi arusi. Wasiokaa kwetu watauliza vinyungu ni nini: ni bustani za bondeni tunazolima wakati wa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Siku hizi mabonde mengi yamezungukwa na misonobari, ambayo sisi twaiita mipaina. Kijiji chetu kiko kati ya Njombe na Makambako, mbali kidogo na barabara kuu. Ukiipita nyumba ya mwisho umeingia msituni, na humo ukungu ukishuka hata mtu mwenye akili zake timamu hupotea.

Jumamosi ile, yapata saa 11 jioni, mama mkubwa alikuwa ameketi ukutani mwa jiko akipukuchua maharagwe. Shemeji yangu alikwenda kisimani. Aliporudi ungo ulikuwapo, maharagwe yalikuwapo, mama mkubwa hakuwapo. Asubuhi ya siku hiyo tuliona sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi. Nasema hivyo ili mjue ni baridi ya namna gani.

Tulifanya kama wafanyavyo watu wote. Mwenyekiti alipiga mbiu, katekista akapiga kengele ya kanisa, vijana wakaja na tochi na simu zao, na watu kama sitini wakaingia msituni, kila mmoja kwa njia yake, wakiita kwa sauti kubwa. Siwadharau hata kidogo. Walitoka motoni wakaingia baridini kwa upendo, na wengine hawakulala kabisa. Tena kwetu Njombe habari ya mtu kupotea ina uchungu wa pekee. Wasomaji watakumbuka mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto wadogo wa mkoa wetu walipochukuliwa na kuuawa. Tangu siku zile, mtu akikosekana hata kwa saa mbili, watu hawangoji kuulizana, hukimbia. Na mtu anayekimbia hafikiri.

Mama mkubwa alikuwa na mbwa mmoja dume, rangi ya udongo, sikio moja limeraruka. Hakuwa na jina. Mama mkubwa alimwita "Wewe", naye aliitika. Usiku ule mbwa naye hakuwapo nyumbani, wala hakuna aliyemwulizia.

Jumapili alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, tulikuwa tumesimama uani tukipanga safari ya pili, mara mbwa akaja. Alikuwa amelowa mpaka tumboni, na majani ya paini yamemganda manyoyani. Hakwenda kwenye chungu chake. Alitujia sisi, akalia kwa sauti nyembamba, akakimbia mpaka kwenye uzio, akarudi, akamrukia shemeji na kumchafua kitenge. Akakimbia tena mpaka uzioni, akarudi tena. Mimi nilikuwa nimechoka, sijalala, na Misa inaningoja. Niliokota jiwe nikamtupia. Lilimpata ubavuni. Akalia, akarudi mbio kwa njia ile ile aliyojia. Nakumbuka nilisema, "Hata mbwa huyu leo amepata wazimu." Hakuna aliyenipinga.

Tulimpata mama mkubwa Jumatatu mchana. Mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akikata majani ya sungura wake aliona mbwa amelala ukingoni mwa korongo, akiitwa haji, akitishwa hakimbii. Mtoto akachungulia. Mama mkubwa alikuwa chini, penye mizizi ya mti ulioanguka, amejifunika khanga, kiatu kimoja hakipo. Kando yake palikuwa na nyasi zilizolaliwa zikalala kabisa, umbo la mbwa. Mganga wa zahanati alipomtazama alisema yamkini alikata roho usiku wa kuamkia siku ile ile.

Nadhani mmekwisha elewa. Jumapili alfajiri mbwa alipotujia, alikuwa angali hai. Baada ya mazishi nilitembea mwenyewe kutoka uani mpaka korongoni nikihesabu hatua. Ni hatua 1,240.

Niliungama. Padre alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba kutojua kwangu hakukuwa dhambi, lakini tangu siku ile nikiendelea kutojua, hilo tutakuja kulizungumza tena. Basi nikaanza kuuliza.

Mtu wa kwanza kunifumbua macho alikuwa mwenzangu tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anafundisha Morogoro. Alikuwa akisafiri kwenda Mbeya, nasi tukaonana Makambako kwenye stendi, pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na ile kuu ya kwenda Zambia. Wanaokujua Makambako wanajua upepo wake. Tuliingia katika chumba cha chai tukafunga mlango, na bado vikombe vilikuwa vinatikisika. Nilimsimulia habari za mbwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kwetu Morogoro wanafundisha panya kazi hiyo."

Nilidhani ananifanyia mzaha ili kunituliza. Lakini ni kweli. Kuna shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 liko Morogoro pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wanawafundisha panya buku, wale wakubwa ambao ndugu zetu wa baadhi ya mikoa huwala kwa kitoweo, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa makohozi ya wenye kifua kikuu. Panya buku ni mzito kuliko panya wa ghalani, lakini ni mwepesi mno kwa bomu kulipuka akilikanyaga. Panya wao mmoja, Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na baruti zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 Waingereza wakampa nishani ya dhahabu. Alikufa mwaka 2022 akiwa mzee.

Na miaka hii ya karibuni wanawafundisha wengine kutafuta watu chini ya kifusi. Panya huvalishwa kizibao chenye kamera ndogo na kinasa sauti. Huingizwa katika chumba kilichojazwa matofali, mbao na samani zilizoanguka, ambamo mtu amejificha. Akimpata, huvuta kitufe kilichoning'inia shingoni, nacho humwarifu mwalimu. Kisha husikia mlio, hurudi alikotoka, hupewa ndizi. Mwenzangu alisema panya hupenya penye ufa ambao mbwa hawezi kuingiza hata kichwa. "Lakini," akasema, "panya haendi mbali. Msituni au mlimani, kazi ni ya mbwa."

Nilimwuliza swali lililokuwa linanichoma: mbwa wetu wa kijijini, asiyefundishwa kitu, alijuaje? Alinijibu kama mwalimu anavyomjibu mtoto. Mwili wa mtu, hata akiwa ameketi tu, huangusha vipande vidogo sana vya ngozi, maelfu kwa maelfu kila dakika, visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupeperushwa na hewa na kutua penye majani na udongo. Pua ya binadamu ina vipokeo vya harufu milioni 5 au 6. Pua ya mbwa yaweza kuwa na milioni 200 au hata 300. Sisi tukipita penye jiko twasema, "Wanapika maharagwe." Mbwa hunusa haragwe, chumvi, kitunguu, na mkono wa aliyekoroga.

Tena alinieleza jambo la upepo ambalo mimi, mzaliwa wa milimani, ningepaswa kulijua. Jioni na usiku hewa ya baridi huteremka bondeni kama maji, na harufu huteremka nayo ikakaa korongoni kama ukungu. Jua likipanda, hewa hupata joto ikapanda mlima. Kwa hiyo mwenye mbwa mfunzwa hutazama kwanza upepo, akamweka mbwa upande ule ambao upepo unamjia usoni. Sisi usiku ule tulipita juu, kandokando ya kilima, watu sitini wenye jasho, tukiitawanya harufu yetu kila mahali, na mama mkubwa alikuwa chini. Wakati wote huo mbwa alikuwa ameshuka bondeni.

Kumbe si jambo geni, na kwa sisi Wakatoliki si geni hata kidogo. Katika milima ya Alpi, mpakani mwa Uswisi na Italia, kuna njia ya juu sana, karibu mita 2,470, na hapo tangu karne ya 11 watawa wana nyumba ya kupokea wasafiri. Iliwekwa na Mtakatifu Bernardo wa Menthon, ambaye Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa wapanda milima. Njombe mjini ni kama mita 2,000, nasi twalalamika; hapo theluji huzika nyumba. Tangu karne ya 17 watawa wale walifuga mbwa wakubwa waliowasaidia kuwatafuta wasafiri waliozikwa na theluji. Mmoja, Barry, aliyeishi pale tangu mwaka 1800 mpaka 1812, anasifiwa kwamba aliokoa watu zaidi ya arobaini. Mwili wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bern. Mtakapoona picha ya mbwa yule akiwa na kipipa cha pombe shingoni, jueni kipipa hicho kimetoka kwa wachoraji. Watawa hawakuwa nacho. (Hilo litawasikitisha wapenzi wa ulanzi.) Siku hizi helikopta zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile.

Nilipomwambia mwenzangu kwamba mbwa wa Ulaya ni wa ukoo mkubwa, na wa kwetu ni wa kienyeji tu, alinikatalia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London ilipopigwa mabomu kila usiku, mlinzi mmoja wa mtaa wa Poplar aliokota mwaka 1940 mbwa koko asiye na mwenyewe, akamwita Rip. Hakuna aliyemfundisha. Alianza mwenyewe kunusa vifusi na kufukua mahali palipo na watu. Mpaka vita vinakwisha alikuwa amesaidia kuwapata watu zaidi ya mia moja, na mwaka 1945 akapewa nishani. Kwa sababu ya mbwa kama yeye, wakubwa walianza kufundisha mbwa wengine kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe umenishangaza, maana hauna kiboko. Mbwa huanza akiwa mdogo, kwa mchezo wa kujificha kama ule wanaocheza watoto wetu mbalamwezi ikiwaka. Mtu mmoja humshika mbwa, bwana wake hukimbia akajificha nyuma ya mti, kisha mbwa huachiwa. Akimpata, hushangiliwa kama bibi arusi, hupewa kamba avutane nayo au kipande cha nyama. Baadaye hujificha mtu mwingine, kisha mgeni, kisha mgeni ndani ya sanduku, ndani ya bomba, chini ya mbao, mpaka afike kwenye kifusi chenyewe. Hufundishwa kupanda ngazi, kutembea juu ya ubao unaotikisika, na kubweka pale pale alipompata mtu bila kuondoka. Kazi hiyo huchukua mwaka mmoja hata miwili. Mbwa akikosea haadhibiwi, kwa kuwa mbwa aliyepigwa huogopa kukuambia alichokiona. Niliposikia maneno hayo nilitazama chini.

Penye kifusi, mbwa hufanya kazi dakika 20 au 30 kisha hupumzishwa, maana pua nayo huchoka. Akibweka, huletwa mbwa wa pili ambaye hakumwona wa kwanza. Akibweka mahali pale pale, ndipo watu huanza kufukua. Na watu wote hunyamazishwa. Mashine huzimwa, simu huzimwa, hakuna kuita ovyo. Huita mtu mmoja, wengine husikiliza. Ni kinyume kabisa cha yale tuliyoyafanya sisi.

Mwezi wa Februari, mwaka ule ule wa msiba wetu, tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 50,000 huko Uturuki na Siria, na nchi nyingi zilipeleka mbwa. Mexico, nchi inayojua matetemeko, ilipeleka wa kwake, na mmoja wao, Proteo, alifia huko kazini. Wenzetu wa Kenya nao wana kumbukumbu yao. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi, likaua watu zaidi ya mia mbili, waokoaji kutoka Israeli walikuja na mbwa. Mwanamume mmoja alitolewa hai baada ya zaidi ya siku moja. Lakini mama mmoja aitwaye Rose, aliyesikika akiongea chini ya zege, alifariki kabla hawajamfikia. Mbwa hafanyi miujiza. Hupunguza saa tu.

Na mbwa wenyewe wana moyo. Mwezi wa Septemba 2001, majengo mawili marefu ya New York yalipoanguka, mbwa walitafuta siku nyingi wakapata maiti tu, nao wakaanza kulegea na kukataa kucheza. Ilibidi wenye mbwa wamfiche mtu mzima hai katikati ya kazi, ili mbwa ampate, afurahi, aweze kuendelea. Nilipolisikia jambo hili nilimfikiria yule "Wewe", siku tatu kando ya bibi yake.

Msomaji ataniuliza, "Na Tanzania je?" Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, na karibu na Arusha kuna mahali wanapofundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu. Kwa hiyo ufundi upo, na pua zipo. Misiba nayo haijakosekana. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 ghorofa liliporomoka Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Mwaka 2016 ardhi ilitetemeka Bukoba. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalishuka juu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa napanga mishumaa ya Majilio, nikaiacha. Mwezi wa Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 80 walitolewa hai. Pale Kariakoo raia wengi walifukua kwa mikono mitupu, na nawaheshimu. Lakini mikono haijui ianzie wapi.

Katika mkutano wa kijiji niliomba nafasi ya kusema. Nilipotaja mbwa, watu walicheka. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema, aliniambia, "Karani, sisi tunalilia mbolea, wewe unataka shule ya mbwa?" Nikamjibu, "Mzee, sitaki shule. Nataka mtu akipotea tusikimbie." Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni aseme, nami nakaribia kusahau." Wakanyamaza.

Basi tukakubaliana mambo machache, nami nayaandika kwa kuwa hayagharimu kitu. Mtu akipotea, kwanza ijulikane ameonekana wapi mara ya mwisho, na watu wasipakanyage mahali hapo. Nguo yake aliyoivaa, isiyofuliwa, itiwe katika mfuko safi na isishikwe na kila mtu, kwa kuwa polisi wakija na mbwa ndiyo watakayoiomba. Mwenyekiti apige simu mapema, siyo kesho yake. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Wanaotafuta waende kwa mstari, watulie kila baada ya hatua mia, wasikilize. Na kama nyumba ile ina mbwa, aulizwe yuko wapi, na akija afuatwe. Hata akitupeleka kwenye mfupa wa ng'ombe, tutakuwa tumepoteza robo saa tu. Tena mbwa wote wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, maana hakuna atakayemfuata mbwa anayemwogopa. Hili la chanjo ndilo lililobishaniwa kuliko yote, kwa sababu ya nani atakayewashika.

Baada ya msiba nilimwomba shemeji anipe yule mbwa. Alinipa, lakini mbwa hakutaka. Mwezi mzima nikiinua mkono tu hata kujikuna, alikimbia. Nilikuwa nikimwekea ugali na vichwa vya dagaa, nikaketi mbali na kumgeuzia mgongo. Siku ya kwanza aliyokula nikiwa namtazama, nilimwambia mke wangu kama mtu anayeleta habari ya mshahara kupanda. Katika Maandiko mbwa husemwa vibaya mara nyingi, nasi tumejifunza hayo upesi. Lakini katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika, mbwa anafuatana nao. Hapewi sababu, wala hakuna anayemtupia jiwe.

Sasa kila Jumamosi jioni, baada ya mafundisho, watoto wa Utoto Mtakatifu hujificha mipainani, mmoja mmoja kwa zamu, na mwenzake mkubwa hukaa karibu naye kwa usalama. Mbwa humnusa kwanza kwa kofia yake. Nisiwadanganye: si Barry. Mara nyingi humpata, tena upesi kuliko ninavyoweza kumfuata. Mara mbili aliniongoza mpaka nyuma ya duka la nyama. Siku ya upepo mwingi huzunguka, hukaa chini, hunitazama kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kujua. Umri nao umekwenda, na mguu wa nyuma humwuma asubuhi. Nimepata mtoto wake, jike, naye tumempa jina la kweli, ila watoto wanamwita "Wewe Mdogo".

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mwaka jana, alipokwisha kunusa kofia, hakuelekea walikojificha watoto. Alikwenda taratibu, kichwa chini, kwa njia ninayoijua hatua kwa hatua, mpaka ukingoni mwa lile korongo. Hakubweka. Alilala pale, kidevu juu ya miguu. Nilimwita mara moja, kisha nikaacha kumwita, nikaketi kando yake. Ukungu ulianza kushuka, nasi tulikuwa bado tumekaa. Watoto ndio waliokuja kututafuta sisi.